Kilomita za Visu

Mama hakuwahi kuipenda baiskeli ya Baba. Ilimchania sketi ya kanisani, ikamtilia grisi kwenye mashuka, na kwa kuwa chumba chetu cha mtaani Kianda kilikuwa kimoja tu, ililala ndani pamoja nasi, usukani wake ukiegemea kabati la vyombo. Sisi watoto tulijifunza kutembea gizani bila kujigonga kwenye pedali. Lakini unga wa nyumba ile na viatu vyetu vya shule vilitoka kwenye baiskeli hiyo hiyo, kwa hivyo Mama aliivumilia jinsi mtu anavyomvumilia shemeji aliyekuja kwa wiki moja na hajahama.

Baba ni mnoaji visu. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya kizamani, nzito, na nyuma ina stendi ya chuma inayokunjuka. Akifika langoni mwa mtu huishusha stendi, gurudumu la nyuma likabaki linaning'inia hewani, kisha hupanda kitini na kukanyaga pedali. Mkanda unaotoka kwenye gurudumu hilo huzungusha jiwe dogo lililofungwa mbele yake, na hapo ndipo kisu hukutana na jiwe, cheche zikaruka. Akimaliza hukunja stendi na kuondoka. Kwa miaka yote ninayoikumbuka amezunguka hivyo mitaa ya Kianda, Olympic na Makina, na siku nyingi hupanda hadi Kawangware, ambako kuna mabucha mengi na mahoteli ya kila namna.

Nilipomaliza shule alinunua mita ya kuhesabu kilomita pale sokoni Toi. Ni kifaa kidogo cha chuma, kina tarakimu tano nyeusi za kilomita na moja nyekundu pembeni, inayohesabu kila mita mia moja. Fundi aliifunga kwenye gurudumu la nyuma kwa sababu uma wa mbele ulikuwa umepinda na haukuishika vizuri. Kila gurudumu likizunguka, kipini kilichofungwa kwenye spoki huipiga mita na kuisogeza kidogo. Baba aliipenda mita ile. Alianza kuwatangazia watu kilomita zake kama mtu anayetangaza wajukuu.

Halafu mwalimu mmoja wa Makina, mteja wake, akamwambia kwamba ukiizunguka dunia pale katikati ni kilomita elfu arobaini. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mita ilipopita elfu arobaini Baba alitununulia soda. Ilipopita elfu themanini alisimama kanisani wakati wa shukrani, akawaambia waumini kwamba Mungu amemsaidia kuizunguka dunia mara mbili kwa baiskeli na bado ana nguvu za mzunguko wa tatu. Watu walipiga makofi. Mama aliinamisha kichwa akatafuta kitu ndani ya mkoba, kitu ambacho hakikuwemo.

Kisha pikipiki ikamgonga karibu na Dagoretti Corner. Ilimvunja mfupa wa bega na kumuumiza nyonga, na alilala hospitali hadi tukazoea kupika chakula cha kubeba. Mama alimngoja apate nguvu za kubishana, ndipo akaanza.

"Hiyo baiskeli iuzwe," alisema, akiwa amesimama kando ya kitanda.

"Nikiuza nitafanya nini?"

"Utakaa. Watu hukaa. Ama noa visu pale nje ya nyumba."

"Nani atatoa kisu yake Kawangware ailete Kianda?"

Walivutana hivyo hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na muuguzi alipokuwa anatutoa, Baba akasema, "Mita ikijaa nitashuka."

"Ikijaa aje?"

"Ikimaliza namba zote irudi zero. Hiyo siku nitashuka, na hakuna mtu ataniuliza mara mbili."

Mama aliniuliza nje mita ilikuwa imefika wapi. Nilipomwambia imepita elfu tisini alifurahi, akijua haiko mbali. Baba naye, kule ndani, alikuwa amefurahi kwa sababu elfu tisini kwake ilikuwa bado safari ndefu. Kila mmoja aliamini amemshinda mwenzake. Nyumbani kwetu makubaliano mengi hupatikana kwa njia hiyo.

Alipona, akarudi barabarani, na mita ikaendelea kula namba zilizobaki. Zilipofika chini ya elfu moja Baba alianza kulalamika.

"Hii mita inakimbia," alisema.

"Inakimbia kwa sababu wewe unakimbia," Mama alimjibu.

"Nakuambia inakimbia. Siku moja tu imeongeza kilomita ishirini na tano. Mimi nilienda tu Kawangware nikarudi."

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda changu Kawangware, nyuma ya mabucha, na nikisikia mtu akibishana kuhusu urefu wa kitu, mkono wangu huenda shingoni penye tepu kabla sijafikiri. Sipendi mabishano yanayoweza kupimwa. Na sifichi kwamba nilikuwa upande wa Baba. Nimewaona wanaume wa rika lake waliokalishwa nyumbani na watoto wao wenye mapenzi. Huanza kwa kukaa barazani, halafu hukaa ndani, halafu hawaulizi tena ni siku gani. Sikutaka Baba aonewe na kipande cha chuma kutoka Toi. Kama mita ilikuwa inadanganya, nilitaka ijulikane, na nilimwambia Mama hivyo.

"Pimeni," Mama alisema. "Lakini nitakuwepo. Nyinyi wawili siwaamini."

Kupima kilomita si kupima kiuno. Tulihitaji tepu ndefu, na niliyemjua akiwa na tepu ndefu ni mwenye ploti ninayokodi kibanda, mzee ambaye familia yake ilikuwa na mashamba hapo kabla mabati hayajafika. Tepu yake ya mita hamsini aliirithi kwa baba yake, na huitunza pamoja na hati za shamba. Alikubali kuitoa, ila aje nayo mwenyewe. Basi Jumapili moja baada ya kanisa tukajikuta watu wanne kwenye barabara iliyonyooka kando ya ukuta wa shule, sisi watatu tukiwa na nguo za ibada na yeye na kofia yake, tukiinama na kuinuka kama watu wanaotafuta sarafu.

Mama ndiye aliyeshika mwanzo wa tepu. Aliukagua, kisha akaita.

"Mzee, hii haina mwanzo."

Kweli haikuwa nao. Kipande cha kwanza kiliungua zamani, mwenye ploti akaeleza, na tepu ilianzia sentimita arobaini.

"Kwa hivyo hii si hamsini," Mama alisema.

"Ni hamsini. Si unaona imeandikwa hapo mwisho? Babangu aligawa ploti zote na hii, na hakuna mtu amewahi kulalamika."

Nilitazama upande wa kibanda changu, ambacho nimelipia miaka yote kama chumba cha futi kumi kwa kumi, nikaanza kuelewa kwa nini meza yangu ya kukatia haijawahi kuingia vizuri. Lakini siku ile haikuwa ya kibanda. Kila tulipofika mwisho wa tepu niliongeza sentimita arobaini kwa tepu yangu ya shingoni, nikachora mstari kwa chaki, tukasonga mbele. Mama hakuachilia hata kidogo. Pikipiki zilipotaka kupita aliziamuru zizunguke, nazo zikazunguka.

Tulipomaliza kilomita, Baba alirudi mwanzo, akasawazisha mita ili tarakimu nyekundu iwe imeingia sawasawa, akapanda. Aliendesha taratibu na kwa heshima, hakuyumba. Mimi nilikimbia kando yake na viatu mkononi. Alipofika mstari wa mwisho tuliinama wote wanne kuiangalia. Tarakimu nyekundu ilikuwa imezunguka yote na kurudi ilipoanzia, na moja nyeusi imeongezeka. Haikuzidi, haikupungua, labda upana wa kidole.

Baba aliipangusa mita kwa mkono wa shati, akaitazama tena. Mwenye ploti, aliyekuwa ameanza kumpenda, alisema pengine barabara yenyewe ina makosa. Mama alikung'uta vumbi magotini.

"Nimeona," alisema. "Twende nyumbani."

Nilikasirika wiki nzima. Nilikasirikia mita kwa kusema kweli, nikamkasirikia Mama kwa kutofurahi, maana angefurahi ningepata pa kuanzia ugomvi. Baba alianza kwenda kazini siku moja na kupumzika mbili ili zile kilomita zisimwishe. Alikuwa akizila kidogo kidogo, na hiyo iliniuma kuliko ubishi wote.

Siku moja akapita kibandani kwangu. Mkasi wangu mkubwa ulikuwa unatafuna kitambaa badala ya kukata, nikamwomba aunoe. Alishusha stendi hapo mlangoni, akapanda, akaanza kukanyaga. Wateja wakimwona Baba akinoa hutazama cheche, na yeye mwenyewe hutazama makali. Mimi nimeziona cheche zile tangu nizaliwe, kwa hivyo nilikuwa nimeinama chini kuokota vifungo vilivyomwagika, na macho yangu yakawa sambamba na gurudumu la nyuma. Gurudumu lilikuwa linazunguka hewani. Kipini kilikuwa kinaipiga mita. Tarakimu nyekundu ikaruka, ikatulia, ikaruka tena.

"Baba," nilisema, "simamisha."

"Bado upande moja."

"Simamisha. Uko wapi sasa hivi?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mtoto wake amekula. "Niko hapa kwako."

"Mita inasema unaenda."

Alishuka, akaja nyuma, akachuchumaa kando yangu. Nilizungusha pedali kwa mkono. Tulitazama pamoja ile tarakimu nyekundu ikisafiri huku baiskeli imesimama kwenye saruji yangu. Mita ilikuwa imefungwa hapo zaidi ya miaka kumi, na hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba mita haijui tofauti ya barabara na kisu. Inajua kuzunguka tu. Baba alianza kucheka, akashika goti langu akacheka mpaka akatoa machozi, nami nikacheka naye, mteja aliyekuja kuchukua gauni akatukuta hivyo.

Jumamosi Mama alikuja Kawangware kujionea. Nilikuwa nimekusanya visu vya hoteli jirani na panga la mwenye ploti, ambaye naye alikuja, kwa kuwa sasa alijihesabu mtu wa kamati. Mama alivaa miwani, akaketi kwenye kigoda nyuma ya gurudumu na kuisoma mita kwa sauti kabla ya kila kisu na baada ya kila kisu. Kisu cha kawaida kilikula karibu kilomita moja. Panga lilikula mbili na kuendelea. Baba alinoa kwa madaha, kifua mbele, akijua sasa anasikilizwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na majibu ya kila kitu ambacho Mama angesema: kwamba miguu ni ile ile, kwamba kuchoka ni kule kule, kwamba ahadi ilikuwa mita ikijaa na haikusema imejaa kwa nini. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kumjibu usiku, peke yangu, mpaka nikajishinda mara kadhaa.

Mama alivua miwani, akaifuta na leso.

"Mimi nilikuwa naogopa barabara," alisema. "Kisu sikuwa naogopa. Hizo za visu zitoke."

Akaikunja leso. Baba alimtazama huku mguu wake bado uko kwenye pedali. Ni mimi niliyebaki na hotuba yangu yote tumboni, na nikiri kwamba Mama alikuwa mwaminifu kuliko mimi ningekuwa mahali pake.

Kilichobaki kilikuwa kujua zitoke ngapi. Nilimpa Baba chaki yangu ya kukatia nguo, tukakubaliana kwamba kila akishusha stendi asome mita na akiikunja asome tena, halafu achore mistari kwenye bawa la tope, lile bati linalofunika gurudumu la nyuma: upande wa kushoto kilomita za barabara, upande wa kulia za visu. Jioni akipita kibandani ningehesabu na kufuta. Hatukukosa siku. Mvua iliponyesha na kufuta mistari tulikataa kuhesabu siku hiyo, ingawa Baba aliikumbuka yote kichwani. Nilitaka hesabu ambayo Mama hangeweza kuitia kidole. Kuna jioni alifika amechoka, akataka tukadirie tu, nikamwambia kama anataka kukadiria aende akakadirie na wengine.

Kadiri mistari ilivyoongezeka niliona upande wa kulia unajaa na upande wa kushoto unabaki na nafasi, nami nilifurahi kila siku zaidi. Sikuona kingine. Kichwani mwangu kulikuwa na swali moja tu, kama Baba atabaki barabarani, na kila mstari wa kulia ulikuwa unanijibu ndiyo.

Nilipeleka majibu Kianda Jumapili. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kunywa chai, nikaona hata vizuri, kuwe na mashahidi. Nilisimama katikati ya chumba na kikombe mkononi.

"Katika kila kilomita tatu za hiyo mita," nilisema, "mbili ni za visu. Barabara ni moja tu. Kwa hivyo mita haijakaribia kujaa. Baba ana miaka mingi mbele kuliko ile amemaliza."

Mama aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa. Nimekubali." Alisema wazi, mbele ya wageni, kama alivyoahidi.

Mmoja wa wale wazee alikuwa anahesabu kwa vidole. Hakuwa na ubaya, ni mtu anayependa tu kumaliza hesabu.

"Moja kwa tatu," alisema. "Si hiyo ni kama elfu thelathini na kitu? Kwa hivyo dunia hujazunguka hata mara moja."

Mwenzake alicheka. Mama alitabasamu kidogo, kwa adabu. Baba alicheka kuliko wote, akasema, "Kumbe nilikuwa nadanganya Mungu kanisani," wakacheka tena, wakamalizia chai. Mimi niliondoka nikiwa mshindi. Nilipita Makina nikanunua maharagwe huku nikijisifu moyoni, na nilipofika kibandani nilishona mpaka jioni nikiimba.

Jumatatu Baba hakuja Kawangware. Kulikuwa na manyunyu, nikasema ni mvua. Jumanne hakuja. Nilipiga simu akasema mguu. Jumatano mwenye bucha jirani alikuja kuniuliza mzee wangu yuko wapi, visu vyake vinasukuma nyama badala ya kuikata. Alhamisi nilifunga kibanda mapema nikaenda Kianda.

Baiskeli ilikuwa ndani, mahali pake, imefunikwa leso kubwa. Sijawahi kuiona imefunikwa mchana. Baba alikuwa kitandani na viatu miguuni, akisikiliza redio ambayo haikuwa imeshika stesheni vizuri. Mama alikuwa nje akiosha mboga.

"Mguu unauma wapi?" nilimuuliza.

"Hapa na hapa."

"Baba, si ulishinda?"

"Nilishinda, msichana yangu. Asante."

"Sasa mbona umelala?"

Alizima redio. Alipojibu alikuwa anaangalia mabati ya juu.

"Mimi nilijua sikusoma," alisema. "Nilijua sikununua shamba. Lakini nilikuwa najua nimeenda mbali. Mtu akiniuliza umefanya nini na maisha yako, hiyo ndiyo nilikuwa nayo. Kumbe nilikuwa nakanyaga mahali pamoja."

Nilipandwa na hasira. Mimi nikihuzunika hupitia hasira kwanza, na wote wa nyumbani wanajua. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu asiye na shukrani. Nilimwambia hizo kilomita za mahali pamoja ndizo zilizonilipia cherehani ya kwanza, na kwamba jirani zake waliokwenda mbali kweli wengine hawakurudi kwa watoto wao. Nilisema mengi, mengine mazuri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sijakataa," alisema, na akawasha redio.

Nilitoka nje nikasimama karibu na Mama. Nilikuwa nimekimbia na viatu mkononi, nimechora chaki, nimegombana na mvua, yote ili asikalishwe nyumbani, na sasa alikuwa amekaa nyumbani, na aliyemkalisha ni mimi na hesabu yangu. Niliumia sana. Mama aliendelea kuosha sukuma wiki jani kwa jani. Sasa alikuwa amepata kile alichotaka tangu hospitalini: mume hayuko barabarani, baiskeli imefunikwa, na hakuna ahadi iliyovunjwa. Nilimtazama nikingoja nimwone amefurahi, ili nigombane naye.

"Kesho kuja asubuhi," aliniambia bila kuinua macho. "Mapema. Usikuje na maneno mingi."

Nilifika majirani wakiwa bado wanapanga foleni ya choo. Baiskeli ilikuwa nje. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akiigusa isipokuwa kwa kuisukuma ipishe, alikuwa ameinama juu ya gurudumu la mbele na pampu, sketi ameipiga fundo gotini, akipiga upepo kwa nguvu zake zote. Alikuwa ameifuta. Alikuwa ameijaribu stendi, ikakunjuka na kukunjika. Jiwe lilikuwa limeoshwa, jambo ambalo Baba hafanyi, lakini nani angemwambia.

"Shika hapa," alisema, nikashika usukani akamalizia gurudumu la nyuma.

Baba alitokea mlangoni na fulana, nywele hazijachanwa. Alituangalia, akaiangalia baiskeli.

"Mnauza?" aliuliza.

"Vaa shati," Mama alisema. "Watu wa bucha wanakungoja."

"Si ulitaka niache?"

"Nilitaka."

"Sasa nimeacha. Nimekaa, vile ulisema watu hukaa. Shida iko wapi?"

Mama alichomoa pampu, akasimama wima. Alikuwa anahema. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amesimama na ndoo akijifanya haangalii, na Mama, ambaye maisha yake yote amekataa kuwapa majirani cha kusikiliza, hakushusha sauti.

"Nilitaka ushuke siku umechoka," alisema. "Ushuke ukijua umefanya kazi, tukae pamoja, hata tuchoshane. Sikutaka ushuke kwa sababu mtu alikunywa chai yangu akahesabu na vidole. Hiyo sitaki. Hiyo sitaiangalia hapa ndani kila siku. Vaa shati."

Baba alibaki mlangoni. Uso wake ulikuwa unafanya kazi ngumu.

"Na barabara?" aliuliza. "Wewe si unaogopa barabara?"

"Nitaendelea kuogopa," Mama alisema. "Hiyo ni kazi yangu. Wewe fanya yako."

Aliingia akavaa shati. Alipotoka alikuwa amechana nywele. Aliipokea baiskeli kutoka mikononi mwangu, akabonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma, akasema limejaa kupita kiasi lakini hakutoa upepo. Aliisukuma hadi pale njia inapopanuka, akapanda, akapotea nyuma ya vibanda akienda upande wa Olympic.

Mama hakumwangalia akienda. Aliingia ndani, akaketi kitandani na simu mapajani, akaniambia nisimwongeleshe mpaka Baba apige kusema amefika Kawangware.